Elvis Hakuitelekeza: Majibu kuhusu Ndege Kuukuu, ya Kwake na Zetu

Tarehe 8 Januari 2023, siku ambayo Elvis Presley angetimiza miaka 88 kama angekuwa hai, kampuni ya mnada ya Mecum iliuza huko Kissimmee, Florida, ndege ya jeti iliyowahi kuwa mali yake. Ni Lockheed JetStar iliyotengenezwa mwaka 1962, yenye namba N440RM. Haikuwa na injini hata moja. Chumba cha marubani kilikuwa kimenyofolewa vifaa vingi. Ndani yake, viti vya mahameli nyekundu vilikuwa bado vimepangwa kama vile abiria wametoka kunyoosha miguu. Ilikuwa imekaa kwenye uwanja wa ndege wa Roswell, jangwani New Mexico, kwa karibu miongo minne. Ilinunuliwa kwa dola 260,000.

Picha zake zimefika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kutoka Mwanjelwa hadi Miyomboni zimezaa maelezo ambayo kila anayeyasikia huyaongeza kidogo kabla ya kuyapitisha kwa mwingine. Nimeyasikia Mbeya, nikayasikia tena Iringa, na mengi si kweli. Ningeweza kuyaacha yapite kama yangekuwa porojo tu kuhusu mwanamuziki wa Marekani. Siwezi kuyaacha kwa sababu yamejengwa juu ya dhana zilezile zinazotufanya tusijue ndege zetu wenyewe zilienda wapi, na yupo mtoto wa shule hapa Mbeya anayejua rangi ya viti vya Elvis lakini hajawahi kuambiwa kwamba mji wake ulikuwa kituo cha ndege za kutoka London kwenda Cape Town. Basi nitayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza ndilo linalopendwa zaidi: kwamba Elvis alikuwa tajiri kupindukia, akaichoka ndege yake, akaitupa jangwani.

Elvis alifariki Memphis tarehe 16 Agosti 1977. Ndege hii aliinunua Desemba 1976, pamoja na baba yake, Vernon, kwa bei inayotajwa kuwa dola 840,000 hivi. Aliimiliki kwa muda usiotimiza mwaka. Baada yake ikapita mikononi mwa wengine, ikawa mali ya kampuni ya Saudi Arabia, na ni katika zama hizo za baadaye ndipo ilipoegeshwa Roswell na isiondoke tena. Marehemu hawezi kulaumiwa kwa uamuzi uliofanywa na watu waliomiliki ndege hiyo baada yake.

Tena hii haikuwa ndege aliyoihusudu kuliko zote. Mwaka 1975 alinunua Convair 880 iliyokuwa ya shirika la Delta, ndege kubwa ya abiria, kwa dola 250,000, akaipamba upya na kuipa jina la binti yake, Lisa Marie. Alikuwa pia na JetStar nyingine, Hound Dog II. Zote mbili zinatazamwa na wageni huko Graceland, nyumbani kwake Memphis, tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo tunazungumzia mtu mmoja na ndege tatu: mbili zimetunzwa miaka yote hii, moja ikaachwa. Jina la mmiliki ni lilelile kwa zote tatu. Jina la mtu maarufu, basi, si ndilo lililoamua ipi itunzwe na ipi iachwe.

Kilichoamua ni hesabu. Familia na wasimamizi wa Graceland walikuwa na mahali pa kuweka ndege mbili na watu wanaolipa kiingilio kuzitazama. Mmiliki aliyeiegesha N440RM huko Roswell hakuwa na wageni wa kumlipa. Alichokuwa nacho ni ndege inayozeeka, inayokunywa mafuta mengi, na inayodai matengenezo ambayo gharama yake ilikuwa ikiikaribia thamani ya ndege yenyewe na hatimaye kuipita. Mtu anapofika hapo, huwa hatamki kwamba ameiacha ndege. Anaahirisha tu. Anaahirisha mwezi huu, na mwezi ujao, anaendelea kulipia maegesho au anaacha kuyalipia, na miaka thelathini inapita.

Ndipo tunafika kwenye dai la pili, ambalo vijana wenye mkono wa ufundi hulishikilia kwa nguvu: kwamba ndege ile ingeweza kuruka, kwamba ilihitaji injini na mafuta tu, na kwamba Wamarekani ni wavivu wa kufufua.

Naelewa wanakolitoa. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya TANZAM tumezoea kuona lori limelala Uyole miaka miwili bila injini, kisha fundi mmoja mwenye subira anapata injini ya kuokoteza, anachonga hapa, anaunga pale, na lori linapanda Kitonga likiwa na mzigo. Ndege haiendi hivyo, na si kwa sababu mafundi wa ndege wana akili zaidi. Kila kipuri cha ndege kina karatasi zake: kimetengenezwa wapi, kimefanya kazi saa ngapi, nani alikifunga, nani alikikagua. Kipuri kizima kisicho na karatasi hakifungwi. Ndege iliyokaa karibu miaka arobaini bila kukaguliwa inapaswa kufunguliwa karibu yote: mabomba ya mafuta, mipira ya kuzuia uvujaji, nyaya, matairi, mitambo ya majimaji inayosukuma magurudumu na mabawa madogo, na hasa viungo vya mbawa ambako ulikaji hujificha pasipoonekana kwa macho.

JetStar ina ugumu wake wa ziada. Iliundwa Lockheed chini ya mhandisi Kelly Johnson, ikaruka kwa mara ya kwanza Septemba 1957, na zilitengenezwa 200 na ushei tu. Ilikuwa ya kwanza kabisa katika aina ya ndege tunazoziita leo jeti za matajiri. Injini zake ni nne, mbili kila upande wa mkia, aina ya Pratt & Whitney JT12. Kwa wakati wake zilikuwa za ajabu, lakini zina kelele kubwa na ulafi wa mafuta, na mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970 Lockheed yenyewe iliziacha ikahamia injini za Garrett zenye utulivu na ubanaji wa mafuta zaidi. Kisha sheria ya Marekani ikamaliza kazi: kuanzia mwisho wa mwaka 2015, jeti ndogo zisizotimiza kiwango kipya cha kelele hazikuruhusiwa tena kuruka juu ya majimbo yake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hata angetokea mtu na injini nne za JT12 zilizo safi kabisa, angekuwa amenunua kelele isiyoruhusiwa kupigwa.

Na hapa kwetu tumeona wenyewe tofauti kati ya ndege iliyokwama na ndege iliyokufa. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Kilimanjaro ilitua kimakosa kwenye uwanja mdogo wa Arusha, ikamaliza barabara ya kutua na kuingia kwenye majani. Watu wengi waliapa haitatoka pale. Ikapunguzwa uzito, ikaruka tena, kwa sababu ilikuwa ndege nzima, yenye karatasi zake, injini zake na mwenye kuilipia. Miaka mitatu na ushei kabla ya hapo, Machi 2010, Boeing 737 ya shirika letu la ndege, ATCL, iliteleza Mwanza ikatoka nje ya barabara, gurudumu la mbele likavunjika. Ile haikuruka tena. Haikuwa imeungua wala kukatika vipande viwili, na kwa macho ya mpita njia ilionekana inatengenezeka. Lakini ilikuwa kuukuu, na hesabu ya kuitengeneza haikukubali.

Wapo wanaoongeza kwamba jangwa ndilo lililoiua ndege ya Elvis. Ni kinyume. Jangwa ndilo lililoihifadhi. Adui wa alumini ni unyevu na chumvi, ndiyo maana mashirika ya ndege duniani hupeleka ndege zao zisizo na kazi kwenye maeneo makavu kama Roswell. Ingekaa miaka hiyo yote Dar es Salaam, kwenye upepo wa bahari, au hapa Mbeya penye mvua kuanzia Novemba hadi masika kuisha, sidhani kama mahameli ile ingebaki na rangi yake.

Dai la dhahabu halihitaji maneno mengi. Husemwa kwamba ndani mlikuwa na vifaa vya dhahabu tupu na kwamba mnunuzi alivuna utajiri. Mapambo ya mle ndani yana rangi ya dhahabu. Ni vifaa vilivyopakwa au kutiwa rangi, si dhahabu ya kuyeyusha. Kuhusu utajiri, tazama bei yenyewe ilivyokwenda: mwaka 2017 ndege hiihii iliuzwa kwa mnada mwingine kwa dola 430,000, na mwaka 2023 ikauzwa kwa dola 260,000. Aliyeinunua 2017 aliuziwa jina la Elvis, akagundua kwamba jina halilipi maegesho. Mali inayopoteza dola laki moja na sabini elfu kati ya minada miwili haijamvunia mtu dhahabu.

Sasa lile linalowagawa watu kweli. Mnunuzi wa 2023, James Webb, anayejulikana kwa video zake za ndege chini ya jina la Jimmy's World, aliamua kuigeuza gari la kusafiria na kulala. Mbawa zikatolewa, bodi ikapakiwa kwenye trela na kusafirishwa kwa barabara, kisha ikawekwa juu ya chesisi ya gari kubwa ili iendeshwe barabarani na watu waingie kuiona. Wengi huku, hasa wazee wetu waliokua wakimsikiliza Elvis kwenye santuri, wanasema huko ni kuinajisi. Ndege ni ya kuruka, wanasema. Ukiikata mbawa umeiua mara ya pili.

Ninawaheshimu, na sikubaliani nao. Njia zilizokuwa mbele ya ndege ile hazikuwa kuruka au kuwa gari. Zilikuwa kuwa gari au kuendelea kukaa Roswell hadi siku ambayo mwenye uwanja angechoka na kuita wakata vyuma. JetStar nyingi zimeishia hivyo, zimekatwa na kuuzwa kwa kilo kama skrepa, na hakuna aliyelia kwa sababu hakuna aliyeimba ndani yake. Webb alichukua sehemu iliyobeba kumbukumbu, yaani viti, mbao, zulia na dirisha ambalo Elvis alichungulia, akaipa kazi mpya inayoweza kulipia utunzaji wake. Ningependa abaki na mkia pia, maana mkia wa JetStar na injini zake nne ndio unaoitambulisha. Lakini kwa ndege kuukuu, kupewa kazi mpya ndiko kunakookoa mara nyingi kuliko heshima, na ushahidi wa jambo hilo si wa Marekani. Ni wetu, na ndio unaojibu dai kubwa kuliko yote niliyoyasikia.

Kabla sijafika hapo, niondoe moja dogo la njiani. Wako wanaorudi kutoka Uganda wakisimulia kwamba kwenye ufukwe wa Entebbe, palipo na mabodi ya ndege kuukuu, wameiona ndege ya Ufaransa iliyotekwa mwaka 1976. Hapana. Ndege iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976 ikitoka Athens kwenda Paris ilikuwa Airbus A300 ya Air France, namba F-BVGG. Baada ya uvamizi wa Waisraeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, ilirudishwa kwa wenyewe, ikatengenezwa, ikabeba abiria kwa miaka mingi, kisha ikageuzwa ya mizigo na kumalizia maisha yake Uturuki. Anayetazama ndege za ufukweni Entebbe atazame ndege za ufukweni, zina hadithi zao.

Dai kubwa ni hili: "Hayo mambo ya ndege za kale ni ya Wazungu. Sisi huku hatukuwa na ndege zenye historia, na hizo chache tulizokuwa nazo Wakenya walizichukua Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, au zilioza Nairobi." Mara nyingine huja na mkia wake: kwamba Waingereza walituibia.

Nianze na "huku hatukuwa na". Januari 1932 Imperial Airways ilifungua safari za London hadi Cape Town. Zilichukua siku kama kumi na moja, kwa ndege za kubadilisha, kwa treni pale ilipobidi, na kwa kulala njiani kila usiku. Kutoka Nairobi kwenda kusini ndege ilipita Moshi, Dodoma, kisha Mbeya, kabla ya kuvuka kwenda Mpika na Broken Hill, mji unaoitwa Kabwe leo. Mbeya wakati huo ulikuwa mji mchanga uliokua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Barabara ya kuja huku ilikuwa taabu tupu. Masika yakikolea, gari lingeweza kukaa kwenye tope siku nzima. Na bado barua iliyotiwa posta London ilishuka Mbeya kutoka angani, miaka zaidi ya arobaini kabla ya treni ya TAZARA kufika. Njia hiyo kuu ilituacha mwaka 1937, pale Imperial ilipohamia ndege za kutua majini zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Sababu haikuwa kwamba Mbeya haifai. Ndege mpya zilihitaji maji ya kutulia, na milima yetu haina bandari.

Baada ya vita likaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lililoanzishwa 1946. Wazee wa Iringa na Mbeya wanaozikumbuka Dakota zake hawaoti. Ni shirika hilohilo lililofanya jambo ambalo vijana wengi hawalijui kabisa: kuanzia mwaka 1966 lilinunua ndege tano mpya aina ya Super VC10, jeti kubwa za Kiingereza zenye injini nne za Rolls-Royce Conway nyuma kwenye mkia. Kwa umbo ni dada mkubwa wa JetStar ya Elvis, na kwa umri wanalingana, maana zote ni kazi ya miaka ya 1960. Ziligawanywa kwa usajili kati ya nchi tatu. 5Y-ADA ilikuwa ya Kenya. 5X-UVA na 5X-UVJ zilikuwa za Uganda. 5H-MMT na 5H-MOG zilikuwa za Tanzania. Na hiyo 5H-MOG, iliyokabidhiwa mwaka 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Ilibeba herufi za nchi yetu.

Moja tuliipoteza kwa msiba: 5X-UVA ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kuruka, watu 43 wakafa kati ya 107 waliokuwamo. Zikabaki nne.

Je, Wakenya walizichukua? Mwanzoni mwa 1977 shirika liliporomoka pamoja na Jumuiya yenyewe, na uchungu wa mwaka ule ulikuwa wa kweli: mali zilishikiliwa kila upande, mpaka ukafungwa, na wafanyakazi waliotumika maisha yao yote wakakaa miongo wakidai mafao. Sitaki kuupunguza uchungu huo. Lakini Super VC10 hazikuwa mgawo wa Kenya. Kenya Airways ilipoanza safari Februari mwaka huo, ilianza na Boeing 707 za kukodi kutoka kampuni ya British Midland. Shirika lisingekodi ndege za masafa marefu kama lingekuwa limejipatia VC10 nne za bure.

Ziliibiwa na Waingereza? Hapa naomba tuwe makini, hasa ndugu zangu wa Iringa, kwa sababu sisi tunajua mfano wa kweli wa kuporwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, lilichukuliwa kwa nguvu katika vita, likatajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi Kalenga mwaka 1954. Lile lilikuwa la watu wake na halikuwa na deni kwa yeyote. Ndege za VC10 zilikuwa na deni. Zilinunuliwa kwa mkopo, mikopo haikuwa imemalizika kulipwa, na aliyezitengeneza alizirudisha Filton, karibu na Bristol, kama mwenye kudai anavyorudisha dhamana. Tukiita kila kitu kilichoko Ulaya wizi, tutashindwa kudai kwa nguvu kile ambacho ni wizi kweli.

Na zilioza? Jibu la hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwaka 1978 Jeshi la Anga la Uingereza lilizinunua zote nne. Zikang'olewa viti, zikawekwa matangi ya ziada ya mafuta ndani ya bodi na mabomba ya kuvuta nyuma, zikawa vituo vya mafuta vya angani vya kujazia ndege nyingine zikiwa zinaruka. Zikapewa namba mpya: 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Zikapelekwa Kikosi cha 101 huko Brize Norton. Zilifanya kazi katika vita vya Ghuba vya 1991, na za mwisho kati yake zikaendelea hadi Septemba 2013. Safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013, iliyoishia Bruntingthorpe, ilifanywa na ZA147. Yaani ndege ya abiria iliyozaliwa na herufi 5H za Tanzania ndiyo iliyofunga historia ya aina yake. Siku moja kabla yake, ZA150 ilitua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, na ikawa chini ya Makumbusho ya Brooklands, ambayo watu wake wa kujitolea waliitunza na kuziwasha injini zake. Ile iliyokuwa ya Kenya ilipelekwa Newquay, Cornwall, kwa maonyesho.

Kwa hiyo, wazee wangu mnaosema ndege ikipewa kazi nyingine imenajisiwa, fikirieni 5H-MOG. Ingebaki ndege ya abiria, ingekatwa miaka ya 1980, kwa sababu mashirika yote yalikuwa yakiziacha VC10 kwa ulafi wake wa mafuta. Iliishi zaidi ya miaka 30 ya ziada kwa kuwa iligeuzwa lori la mafuta la angani. Rangi yake ya Afrika Mashariki ilifutwa, ndiyo. Chuma chake, uti wake wa mgongo na namba yake ya kiwandani vipo. Anayetaka kuweka mkono juu ya kitu halisi cha Shirika la Ndege la Afrika Mashariki anajua pa kuanzia kukitafuta.

Limebaki dai la wenye nia njema. Husemwa kwamba serikali au mfanyabiashara mmoja angenunua ndege kama ya Elvis, akaileta Songwe au akaiweka Nduli, Iringa, tungepata kivutio cha watalii na mgahawa wa kupigia picha. Sipingi mgahawa ndani ya ndege. Watu wamefanya hivyo nchi nyingi, na bodi iliyokufa ni bora ipike chai kuliko ikae bure. Ninachopinga ni hesabu inayodhani kitu kikiletwa kinajitunza.

Tunacho tayari kitu kilichotoka angani bila sisi kukinunua. Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani 12 au zaidi, kipo palepale kilipoangukia. Wenyeji walikijua tangu zamani, na kimeandikwa katika kumbukumbu za wataalamu tangu 1930. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa duniani. Hakihitaji injini wala cheti cha kuruka, hakili mafuta. Kinahitaji barabara nzuri, maelezo mazuri, na watu wa Mbeya, Songwe na Iringa kukipeleka kwenye ratiba ya shule zao. Kama wengi wetu hatujakwenda kuona tani 12 za chuma cha mbinguni kilichoko mwendo mfupi kutoka barabara kuu, sioni jinsi viti vyekundu vya mtu wa Memphis vitakavyotuamsha.

Na Iringa wameonyesha kwamba utunzaji unawezekana. Boma la Wajerumani lililokaa kama ofisi kwa vizazi vingi liligeuzwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, kwa jitihada za mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa. Jengo lilipewa kazi mpya, likapona, kwa kanuni ileile iliyoiponya VC10. Kwa nini Mbeya isifanye hivyo kwa uwanja wake wa zamani wa ndege? Safari zilihamia Songwe mwishoni mwa 2012, na eneo la zamani lipo katikati ya jiji. Kila anayehutubia au kucheza mpira karibu na pale anakanyaga kituo cha mwaka 1932, bila bango hata moja la kumwambia.

Ninachokipendekeza ni cha bei ndogo kuliko bawa moja la JetStar. Halmashauri ya Jiji la Mbeya iweke pale ubao wenye ramani ya njia ile: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill. Makumbusho ya Iringa itenge ukuta mmoja kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na iwaandikie Brooklands kuomba nakala za picha za 5H-MOG, ikiwa na rangi zake za awali na ikiwa na za jeshi. Waliofanya kazi katika shirika hilo, mafundi, makarani wa tiketi na wapakia mizigo, walio hai sasa ni wazee sana. Wengine wanaishi mikoa hii miwili, na wana vitambulisho vya kazi, sare na picha ndani ya masanduku ambayo wajukuu huyaona kuwa taka. Tukianza kukusanya msimu huu wa kiangazi, barabara za vijijini zikiwa bado zinapitika, tutawakuta.